Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Spana, na Mstari Ambao Haukusomwa

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nitalisema humu, ila kwa mpangilio, kwa sababu karani wa ofisi aliyeniomba niandike wasifu huu wa kijitabu cha sherehe ya kumuaga mstaafu alinikumbusha kwamba wasifu mzuri huanza na miaka ya utumishi.

Basi mstaafu wetu, ambaye gereji nzima humwita Bi Spana nami humwita Shangazi, ameitumikia gereji hii miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni, miaka mitatu kabla ya wakati wake. Hiyo miaka mitatu ndiyo jambo lenyewe.

Nimepewa kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, na nimeishi naye tangu nikiwa darasa la pili. Pili, mafundi wenyewe waliikimbia kalamu. Msimamizi wao alisema, “Mpeni Profesa. Sisi tukiandika itatoka kama orodha ya vipuri.” Profesa ndiye mimi. Jina hilo nilipewa kwa sababu huwa nakuja gerejini na kitabu na kukaa nacho juu ya tairi hadi Shangazi amalize kazi.

Shangazi aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne. Siku ya kwanza alifika amevaa gauni na raba za kiume, na mtunza stoo akadhani ameleta chakula cha mtu.

“Mumeo yuko upande gani, dada?”

“Sijamwona bado,” Shangazi akajibu. “Labda yumo chini ya hiyo boneti. Nipe bisibisi nimtafute.”

Kila fundi mpya husimuliwa kisa hiki. Mtunza stoo, ambaye sasa ana wajukuu, hukiri kwamba ni kweli, ila anasisitiza kuwa hakumpa bisibisi. Alimpa ndoo ya mafuta ya taa na rundo la vyuma vichafu. Shangazi aliosha vyuma miaka miwili. Husema hiyo ndiyo shule yake, maana muosha vyuma huona kilicholika na kilichopasuka kabla hata fundi hajanyoosha mgongo.

Baada ya hapo akawa fundi injini, na akawa fundi wa aina yake. Bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao aliitumia zaidi kusikilizia kuliko kufungulia. Aliweka ncha kwenye injini inayonguruma, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa kama daktari. Mara moja dereva wa basi la shule alilalamika kwamba injini yake inagonga, na mafundi wawili walikuwa wameshaifungua na kuifunga bila kuona kitu. Shangazi akapanda basi, wakazunguka mtaa mara moja. Aliposhuka akaingiza mkono chini ya kiti cha nyuma na kutoa chupa ya chai.

“Baba, injini yako nzima,” akamwambia dereva. “Anayegonga ni chai yako.”

Amefundisha mafundi kumi na tisa. Wawili wana gereji zao. Wote, ukiwatembelea, utawakuta na kipande cha katoni kilichotobolewa matundu. Hiyo ni namna ya Shangazi. Kila boliti inayotolewa kwenye injini huchomekwa kwenye tundu lake kwenye katoni, kwa mpangilio uleule iliokuwa nao kwenye injini, kisha huoshwa, hupanguswa, na hurudi palepale ilipotoka. Husema boliti imezoea shimo lake kama mtu alivyozoea kitanda chake. Katika miaka thelathini na mitatu hakuwahi kutupa boliti nzima, wala hakuwahi kuibadilishia shimo.

Mpaka hapa ninaandika kwa furaha, na ningependa kuishia hapa. Lakini lazima nifike kwenye gari la daktari.

Daktari huyu ni wa meno. Gari lake ni la zamani sana, la watu wawili, lililotengenezwa kwa ajili ya mbio. Lina rangi ya maziwa, na limeinama chini kiasi kwamba anayeliingia huwa kama anaketi sakafuni. Alilirithi kwa baba yake. Shangazi ndiye aliyelihudumia kwa miaka ishirini na miwili. Injini yake ilikuwa na kabureta mbili, zile za kuchanganya petroli na hewa, zilizokuwa hazielewani, kama wake wenza, na hakuna mwingine aliyejua kuzipatanisha. Kila mwezi daktari alilileta, Shangazi akazisikiliza, akageuza skrubu hii kidogo na ile kidogo zaidi, zikanyamaza kwa mwezi mwingine.

Mwaka jana daktari akaja na ombi. Binti yake angeolewa mwezi wa Mei, naye alitaka kumpeleka harusini kwa gari la babu yake bila kuzimikiwa njiani. Nje libaki kama lilivyo, hata mkwaruzo wa mlango wa kushoto usiguswe. Ndani litolewe kila kitu, liwekwe vya kisasa: injini inayoongozwa na kompyuta, giaboksi ya gia tano, breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na usukani mwepesi.

“Kwa hiyo babu anapewa moyo wa kijana,” msimamizi akasema.

“Na magoti,” mchomeleaji akadakia. “Breki ndizo magoti. Babu akikosa magoti hata moyo haumsaidii.”

Meneja aliwaita wote uani. Akatangaza kwamba anataka kufungua kitengo cha kuyafufua magari ya zamani kwa namna hii, na gari la daktari ndilo mtihani. Likifaulu, Bi Spana atakiongoza kitengo hicho hadi umri wake wa kustaafu utimie. Lisipofaulu, akasema, halafu hakumalizia. Hakuna aliyehitaji amalizie.

Shangazi hakulala vizuri wiki ile. Nyumbani aliniuliza kama nadhani kitu kisicho na kabureta kinaweza kusikilizwa. Nikasema kila kitu kinachozunguka kina sauti. Jibu hilo lilimpendeza, akalirudia gerejini siku iliyofuata kana kwamba ni lake, nami nikafurahi kimyakimya.

Kazi ilichukua miezi mitano. Injini mpya ilitoka kwenye gari la familia lililogongwa upande wa nyuma. Ilikuwa haijatembea sana. Ilikuwa fupi kuliko ile ya zamani lakini nene, kwa hiyo vishikio vilikatwa na kuchomelewa upya. Sakafu iligongwa nyundo ili giaboksi ipite. Rejeta ilisogezwa mbele kwa upana wa vidole vinne. Shangazi aliomba injini ya zamani ihifadhiwe banda la nyuma, angalau hadi gari lijaribiwe. Meneja akakubali kwa kichwa. Wiki mbili baadaye Shangazi alifika asubuhi akakuta alama ya mafuta tu sakafuni. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamepita.

Injini mpya ilikuja na faili lenye kurasa mia na kumi na mbili za maelekezo, kwa lugha ya kigeni. Shangazi husoma Kiswahili, polepole, kidole chini ya mstari. Lugha ile haijui. Mimi naisoma shuleni na ninaipenda. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa juu ya tairi na faili magotini, nikasoma mstari na kumwambia kwa Kiswahili, naye akafanya. Msimamizi alikuwa amepelekwa kozi ya wiki mbili, lakini kozi yake ilikuwa ya nyaya na kompyuta tu. Vyuma aliviachia wengine. Hakufurahi kwamba kazi ilipewa Shangazi. Alikuwa na desturi ya kusimama nyuma yetu na kikombe chake.

“Bi Spana, hii haiwekewi bisibisi sikioni,” alikuwa akisema. “Hii unachomeka waya, inajisema yenyewe.”

“Na ikijisema uongo?”

“Mashine haisemi uongo.”

“Basi haijakaa na watu.”

Mafundi wakacheka. Mimi pia nilicheka, nimeuficha uso kwenye faili. Sikuwahi kumwona Shangazi akiwa na furaha kama miezi ile. Alikuwa na miaka hamsini na saba na alikuwa anajifunza kitu kipya kila Jumamosi, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Jumamosi moja ya Machi alifungua kifuniko cha juu cha injini ile, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, ili akague valvu ndani. Zilikuwa nzima. Akaweka gasketi mpya, lile bamba jembamba linalozuia maji na mafuta yasikutane. Boliti kumi zinazokaza kifuniko kile alikuwa ameshaziosha, zinang'aa kwenye katoni yake. Msimamizi akaokota moja na kuigeuzageuza.

“Nyie watu wa zamani hamtupi kitu.”

“Boliti nzuri ni ndugu,” Shangazi akasema. “Ndugu hutupi kwa kuwa amechoka. Unamwosha uso, unamrudisha kazini.”

Uani kote wakacheka, na mchomeleaji akampigia makofi. Shangazi akaniambia, “Haya mama, soma.”

Ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Nikasoma namna ya kukaza: kwanza za katikati, kisha za pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu, halafu robo mzunguko, halafu robo mzunguko nyingine. Chini yake, ndani ya kisanduku, kulikuwa na mstari mmoja. Ulisema boliti hizi hurefuka zinapokazwa, hivyo zikishafunguliwa zisirudishwe, ziwekwe mpya.

Nilielewa. Nataka jambo hili liwe wazi kwa kila atakayesoma kijitabu hiki. Sikukosa kuuona mstari, wala lugha haikunishinda. Niliuona, nikauelewa, na nikayatazama yale makofi ambayo yalikuwa bado hayajaisha vizuri, na msimamizi aliyekuwa amesimama na kikombe. Nikawaza kwamba nikiusoma kwa sauti, kicheko kitamgeukia Shangazi, tena kupitia kinywa changu. Nikajiambia kwamba vitabu hupenda kutisha, na kwamba mikono yake inajua kuliko karatasi.

“Ukurasa umekwisha?” Shangazi akauliza.

“Umekwisha.”

Akakaza zote kumi, moja moja, kwa upole, akihesabu robo mzunguko kwa sauti.

Gari lilijaribiwa mwanzoni mwa Mei. Daktari alikaa kwenye usukani, Shangazi kando yake, na meneja akafuata nyuma kwa gari la ofisi. Lilitoka getini bila kelele, kama paka. Walipanda barabara ya mlimani. Kilomita ya kumi na moja taa nyekundu ikawaka, kisha moshi mweupe ukatoka nyuma, na kabla daktari hajapata pa kuegesha mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho. Boliti zilikuwa zimelegea, gasketi ikapasuka, maji yakaingia kwenye mafuta, na silinda hedi ikapinda. Shangazi alisema baadaye kwamba alilisikia tatizo kabla ya ile taa. Alisikia kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, akamwambia daktari asimame, lakini daktari alikuwa anatabasamu na hakumsikia.

Lilirudi juu ya lori. Daktari hakugomba. Aliomba funguo, akalichukua kwa lori lilelile kesho yake kwenda gereji nyingine, na binti yake akaenda harusini kwa teksi. Injini ya zamani ingekuwepo tungeweza kuirudisha. Haikuwepo.

Siku mbili baada ya hapo meneja alimwita Shangazi ofisini. Mtunza stoo alikuwa ameitwa kulichukua faili alirudishe stoo, naye ndiye aliyenisimulia getini yaliyopita huko. Meneja alikuwa amelipitia faili usiku kucha. Akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akaweka kidole kwenye kisanduku, akamweleza kilichoandikwa.

“Hili ulisomewa?”

Mtunza stoo anasema Shangazi aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, ukurasa asioweza kuusoma. Kisha akasema, “Nilisomewa. Nikapuuza. Nimezoea za zamani.”

“Shangazi yako mkaidi, Profesa,” mtunza stoo akaniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. “Kitabu kimesema wazi, binti kasoma wazi, yeye anapuuza. Miaka yote ile.”

Nilisema shikamoo, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia, nikaondoka.

Barua ya kustaafu ilifika Ijumaa. Sababu iliyoandikwa ni mabadiliko ya teknolojia. Uongozi wa kitengo kipya umepewa msimamizi, na simlaumu, kwa kuwa hakufanya kosa lolote zaidi ya kusimama na kikombe.

Sasa niseme kuhusu nyumbani, maana wasifu hutakiwa kueleza mstaafu anaendeleaje. Shangazi analala hadi saa tatu asubuhi. Mistari myeusi ya kwenye vidole vyake, ambayo sabuni haikuwahi kuiweza, imeanza kufutika yenyewe, na kila ninapoiona imepungua najisikia vibaya. Bisibisi ndefu iko kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko. Jirani ana gari ambalo linakohoa kila likiwashwa. Zamani Shangazi angeshamfuata na kumwambia plagi ya tatu imekufa. Sasa gari linakohoa dirishani na yeye anaendelea kuchambua mchele. Hajaniuliza chochote kuhusu ukurasa ule. Hajanikaripia, hajaninunia, ananiwekea chakula kama siku zote, na ananiita mama. Nimeshajaribu mara nyingi kulianza jambo lenyewe. Nafungua mdomo, halafu nasema nina kazi ya shule.

Nasikia watu gerejini wakisema Bi Spana alikuwa fundi hodari aliyeharibikiwa mwishoni kwa kiburi. Wengine wanasema kwa huruma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Hakuharibikiwa kwa kiburi. Alifanya kila nilichomsomea, kwa mpangilio niliomsomea, na mikono yake haikukosea hata robo mzunguko moja. Kama mstari ule ungetoka kinywani mwangu, angezitupa zile boliti kumi palepale, akajicheka mwenyewe mbele ya wote kabla hawajamcheka. Hilo nalijua sasa. Nilimdhania ni mtu dhaifu, nikamlinda na kitu ambacho hakikuwa kinamtisha, na kwa ulinzi huo nikamkatizia kazi yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na sina namna ya kuyazoa haya. Naweza tu kusema nani aliyeyamwaga.

Shangazi, wenzako wamenituma nikushukuru. Mchomeleaji anashukuru kwa kumfundisha kusubiri chuma kipoe. Mtunza stoo anashukuru kwa kumchekesha siku ya kwanza, na anaomba radhi kwa ile ndoo. Hata msimamizi amesema niandike kwamba hajawahi kufanya kazi na sikio kama lako. Wote wanakuombea afya, usingizi mtulivu, na asubuhi zisizo na king'ora cha zamu. Mimi ninakuombea hayohayo, ingawa najua kwamba king'ora hicho ulikuwa unakipenda.

Aya za juu nilizimaliza Jumanne. Jumatano baada ya shule nilikwenda gerejini na sare yangu, nikasubiri kwenye benchi nje ya ofisi hadi meneja akaniita. Nikamwambia kwamba mstari ule sikuusoma, na kwamba Shangazi alikuwa hajui. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema alishahisi hivyo siku ileile, kwa jinsi Shangazi alivyoutazama ukurasa. Akasema fundi ndiye mwenye injini hata kama msomaji ni mwingine, barua imeshatiwa sahihi, na haifutiki.

“Kijitabu ni chenu,” akaongeza. “Andikeni mnachotaka.”

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Shangazi nimetoka wapi na nimesema nini. Alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka.

“Ungeniuliza kwanza,” akasema. “Nilikuwa na uongo mmoja tu katika kazi yangu yote, na nilikupa wewe. Sasa umekwenda bure.”

Badala ya kuomba msamaha nikampa karatasi hizi. Akajipangusa mikono, akakaa karibu na dirisha, akasoma kidole chini ya mstari. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Alipomaliza aliuliza kama zitasomwa mbele ya watu. Nikasema ndiyo, karani atazisoma, mimi siwezi. Tangu barua ifike alikuwa amesema hatakanyaga kwenye sherehe hiyo. Akazikunja karatasi, akaniambia gauni lake la bluu liko chini kabisa kwenye sanduku na lina mikunjo.

Nikalitoa, nikalipiga pasi, nikalitundika mlangoni. Kisha nikaongeza aya hizi za mwisho, na asubuhi nitampa karani karatasi zote kabla ya kwenda shule.